Themomita ya sindano kwenye seredani na karai za Malindi: inunue, lakini ijue

Tunayoizungumzia ni ile themomita nyeupe ya plastiki, ndefu kidogo kuliko kalamu, yenye sindano ya chuma kisichoshika kutu, kioo kidogo cha namba na ala ya kuichomekea. Iko kwenye maduka ya vyombo vya jikoni na kwa wanaouza mtandaoni, mara nyingi bila jina la kampuni unalolijua, na bei yake haiachani sana na ya kilo moja ya nyama ya ng'ombe. Anayeuza kababu, mishkaki au baga Malindi aipate kabla hajaongeza kitu kingine chochote jikoni. Anayepika nyumbani huku ana watoto wa chini ya miaka mitano, naye aipate. Tunasema hivyo kwa sababu ya figo za watoto.

Matumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo huishi aina ya bakteria E. coli wanaotengeneza sumu ya Shiga. Anayejulikana zaidi ni O157:H7. Ng'ombe mwenyewe haumwi, maana mishipa ya utumbo wake haina kishikio cha sumu hiyo kujibandika. Binadamu anacho, na kiko kwa wingi kwenye mishipa myembamba ya figo. Bakteria wanaohitajika kumwangusha mtoto ni wachache mno, hata chini ya 100. Siku 3 au 4 baada ya kuwameza, tumbo husokota vikali, choo huwa maji, kisha maji yale hugeuka damu. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki. Lakini katika kila watu 100 waliopata O157, kati ya 5 na 10 huingia hatua ya pili, na wengi wao ni watoto wadogo. Ndani ya mishipa myembamba hujengeka mabonge madogo ya damu. Platileti, zile chembe za kugandisha damu, huishia kwenye mabonge hayo. Seli nyekundu zikijipenyeza hapo hukatikakatika. Figo hukosa damu na kusimama. Ugonjwa huo huitwa sindromu ya hemolitiki-yuremiki, kwa kifupi HUS. Daktari wa Uswisi, Conrad Gasser, aliueleza mwaka 1955, na mwaka 1983 Mohamed Karmali na wenzake huko Kanada wakaonyesha kwamba nyuma yake wako E. coli wenye sumu.

Mwaka 1993 magharibi mwa Marekani zaidi ya watu 700 waliugua na watoto wanne wakafa, na chanzo kilikuwa baga zisizoiva katikati. Nyama ya kusaga ndiyo penye hatari kuu, na sababu yake ni rahisi kuiona. Pande la nyama lina bakteria juu, pale lilipoguswa na utumbo au kisu wakati wa kuchinja na kuchuna. Liweke juu ya makaa, moto unaanza na hapo hapo walipo. Lipitishe kwenye mashine ya kima, na uso wote wa nyama unakunjwa ndani, donge zima linakuwa uso. Na kima ya kilo moja huenda imetoka kwa ng'ombe zaidi ya mmoja. Sasa katikati ya kababu ndipo pa kuuliza, na katikati hapaonekani.

Wapishi wengi hupasua kababu moja na kutazama rangi. Rangi inadanganya. Kima inaweza kubadilika kuwa kahawia kabla haijafika joto la kuua bakteria, hasa ikiwa nyama imekaa na kuanza kupoteza wekundu wake. Na kababu yetu ina bizari, pilipili, kotimiri na mayai, kwa hiyo rangi unayoitazama ni ya viungo kuliko ya nyama. Ndimu na papai bichi hulainisha nyama tu, haviui O157, ambaye huvumilia uchachu vizuri kuliko bakteria wengi. Kilichobaki ni namba: nyuzi 71 za Selsiasi katikati kabisa ya nyama ya kusaga. Kuku ni 74, na kiporo kinachopashwa moto ni 74 pia.

Kima ya sambusa ina nafuu. Hupikwa kwanza sufuriani mpaka maji yakauke, ndipo ikafungwa kwenye manda, kwa hiyo kwa kawaida imeshapita 71 kabla haijaona mafuta. Kababu haina nafuu hiyo: huingia karaini mbichi. Ubaya huzidi kabla ya magharibi mwezi wa Ramadhani, foleni imejaa, kababu ishirini zinatumbukizwa kwa pamoja, mafuta yanapoa, na kima yenyewe imetoka kwenye friza na bado ina donge la barafu ndani. Nje inapata rangi ya kupendeza na ndani pamebaki vuguvugu.

Hapa ndipo themomita inapojilipa. Iopoe kababu kutoka kwenye mafuta kwanza, iache ichuruzike kidogo, kwa sababu mafuta yanayoizunguka sindano yatapandisha namba bure. Chomeka kupitia kichwani, kwa urefu wake, mpaka ncha ifike katikati. Usichomeke kutoka juu kwenda chini, utaitoboa na kupima sahani. Kinachohisi joto kimo kwenye ncha, takribani sentimita moja ya mwisho. Sehemu nyingine ya sindano ni mpini tu. Themomita hii ya bei nafuu si ya haraka: subiri namba itulie, sekunde 10 hivi, wakati mwingine zaidi. Ukiona 64, 67, 69 zinapanda, usiitoe. Pima kababu iliyo nene kuliko zote, na nyingine iliyokuwa ukingoni mwa karai, si ile nzuri ya katikati.

Mishkaki ina matatizo yake. Vipande vyake si vya kusaga, na kipande kizima cha nyama ya ng'ombe kikifika 63 na kuachwa dakika 3 kinatosha. Lakini nyama ya mishkaki mara nyingi imepondwa au kudungwadungwa ili iingie viungo, na chuma chenyewe kimepita katikati kikisukuma ndani kilichokuwa nje. Kwa hiyo sisi tunapima 71 hapo pia. Angalia sindano isiguse chuma cha mishkaki, kwa kuwa chuma hubeba joto la makaa na utasoma 85 kwenye nyama ya 60. Halafu, upepo wa kusi unapopuliza seredani upande mmoja, makaa ya upande ule huwaka na ya pili hulala, basi usipime mshikaki wa upande mmoja tu.

Namba ikiwa chini ya 71, nyama inarudi motoni na sindano inaoshwa kabla ya kuchomekwa tena. Hili husahaulika sana. Ncha iliyotoka kwenye nyama isiyoiva ina bakteria hao hao, na ukiichomeka kwenye kababu iliyoiva umewahamisha. Sabuni na maji ya moto, kisha pamba yenye spiriti. Asiyetaka spiriti jikoni achovye ncha kwenye maji yanayochemka sekunde 30.

Je, namba yenyewe ni ya kuaminika? Themomita za aina hii huandikwa kwamba hukosea nyuzi 1 hivi, na nyingine hukosea zaidi tangu siku ya kwanza. Ipime. Jaza glasi barafu iliyopondwa mpaka juu, ongeza maji safi kujaza mianya, koroga, subiri dakika 3, zamisha sindano sentimita 5 bila kugusa kioo wala kitako. Inapaswa kusoma 0. Ikisoma 2, inazidisha, kwa hiyo nyama yako ingoje mpaka 73. Ikisoma 4 au 5, irudishe dukani. Barafu isiwe ya samaki: ina chumvi, na barafu ya chumvi hushuka chini ya 0, kwa hiyo themomita nzima itaonekana mbovu na mbovu itaonekana nzima. Jaribio la pili ni maji yanayochemka. Watu wa Malindi na Lamu tuna bahati hapa, maana tuko usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye 100. Jamaa wa Nairobi akifanya vivyo hivyo atapata karibu 94 au 95 na hakuna kilichoharibika.

Kasoro zake sasa. Kichwa chake hakistahimili maji. Ukikizamisha kwenye beseni la vyombo, kioo hupata ukungu na namba huanza kukatika vipande. Mvuke wa sufuria ya pilau unaweza kufanya vivyo hivyo polepole. Hewa ya chumvi hula vibati vya betri: utaona rangi ya kijani, themomita itazimika ikipigwa kidogo. Futa vibati kwa kitambaa kikavu chenye siki kidogo, kausha, na uihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, si kwenye ndoano juu ya jiko. Betri ni ile ya kitufe, LR44. Ikiisha nguvu, namba huyumba kabla kioo hakijafifia, kwa hiyo namba zinazorukaruka kwenye glasi ya barafu ni dalili ya betri. Mfuniko wa betri huwa hafifu. Ufunge kwa selotepu, maana mtoto akimeza betri ya kitufe humchoma koo kwa ndani kwa saa chache tu, na ni wa kukimbizwa hospitali, asingojewe.

Kuna wanaouliza kama wanaweza kutumia nyingine walizo nazo. Ile bunduki ya kupima kwa mwanga iliyoenea wakati wa korona hupima uso tu. Itakupa joto la ngozi ya kababu na hata kidogo haijui ndani. Themomita ya homa mwisho wake ni nyuzi 42 au 43. Ile ya saa, yenye mshale na sindano nene, huhisi joto kwenye sentimita 5 au 6 za sindano na kutoa wastani. Inafaa paja la mbuzi, haifai kitu chembamba kama kababu. Ya kidijitali inayokunjwa, yenye ncha nyembamba, ni bora kuliko tunayoisifu hapa: husoma kwa sekunde 3 au 4 na nyingi huvumilia maji. Ni ghali mara kadhaa. Kwa mkahawa wa watalii inastahili, kwa meza ya jioni kando ya barabara ile nyeupe inatosha.

Kwa maziwa tunaitumia kwa furaha. Maziwa ya ng'ombe yanayoletwa mjini kwenye madumu hayajachemshwa, na kuyagandisha yawe lala au mtindi hakumuui O157. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha kiwandani. Jikoni yaache yafure na kuchemka kabisa, kisha yapoze, ndipo uyagandishe.

Lakini themomita haijui lolote kuhusu kachumbari. Kababu imefika 74, imetolewa, ikawekwa kwenye sahani ile ile iliyobeba kima mbichi, na kando yake nyanya na kitunguu vilivyokatwa kwenye ubao uliokata nyama. Mteja anakula bakteria na saladi. Mwaka 2011 Ujerumani watu zaidi ya 800 walipata HUS na 50 na zaidi wakafa, na chakula kilichoshukiwa kilikuwa machipukizi ya uwatu, hakuna nyama kabisa. Basi ubao wa nyama uwe mbali na wa mboga, koleo la mbichi si la iliyoiva, mikono ioshwe kwa sabuni. Maji ya kisima baada ya mvua, pale mifugo inapopita, yachemshwe. Shabu hutuliza tope na kuacha bakteria.

Na kinga ikishindwa, hakuna kifaa cha jikoni kitakachosaidia. Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu kosa linalotokea hapa ni la siku, wala si la uzembe.

Hesabu siku tangu choo kilipoanza kuwa maji. Damu huonekana kwa kawaida siku ya 1 hadi ya 3 baada ya hapo, mara nyingi bila homa kubwa. HUS huja kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati mwingine hadi ya 13, yaani kuhara kunapopungua na nyumba nzima inashukuru. Mtoto aliyeonekana kupona anakuwa mweupe viganjani na ndani ya kope, analegea, macho yanavimba asubuhi. Mkojo ndio wa kuangaliwa kuliko vyote: nepi kavu kwa saa 8, au mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Anaweza kuwa na vidoa vidogo vyekundu miguuni kama vya kuumwa na mbu, ila ukivibonyeza havififii. Degedege ni dalili ya kuchelewa.

Pwani mtoto mweupe, mchovu, mwenye mkojo mweusi hudhaniwa ana malaria, na malaria nayo hushusha platileti. Apimwe malaria, ndiyo. Lakini mzazi aseme bila kuulizwa: "Alihara damu wiki iliyopita." Sentensi hiyo hubadilisha vipimo vinavyoagizwa. Vinavyohitajika ni hemogramu kamili, yaani hesabu ya chembe zote za damu, krietinini na yurea, zile taka zinazotolewa na figo, potasiamu, na damu kutazamwa kwa hadubini kutafuta seli zilizokatika, zenye umbo la kofia au pembetatu. Kipimo kimoja kizuri siku ya 4 hakimalizi kazi. Kirudiwe kila siku au siku moja baada ya nyingine mpaka hatari ipite. Choo kipelekwe maabara mapema, kabla ya antibiotiki, kwani baada ya wiki moja O157 huenda hapatikani tena. Maabara humwotesha kwenye sahani yenye sorbitoli, ambako E. coli wengi huota waridi na yeye huota bila rangi.

Dawa za kununua dukani zisitangulie hospitali. Lopiramidi, ile ya kufunga tumbo, huifungia sumu ndani. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kwa maumivu ni parasetamoli. Antibiotiki ndizo zenye utata. Kuhara damu kwa mtoto kunaweza kuwa Shigella, na miongozo ya tiba humpa siprofloksasini, tena kwa haki, kwa sababu Shigella dysenteriae aina ya 1, yule yule bakteria aliyetambuliwa na Kiyoshi Shiga wa Japani mwaka 1897, hutoa sumu ile ile na huleta HUS pia. Lakini kwa O157 antibiotiki zinaweza kuongeza sumu inayotolewa. Anayeamua ni tabibu aliyemwona mtoto, si muuza duka.

Kabla figo hazijaguswa, maji ni kinga. ORS ya pakiti kwa kijiko, mara kwa mara, na hospitalini maji ya chumvi ya mshipa mapema. Mtoto asiyekauka mwilini ana nafasi nzuri zaidi ya figo zake kuendelea kutoa mkojo. Mkojo ukishakatika, mambo yanageuka. Maji ya ziada yatajaa mapafuni, na potasiamu haina pa kutokea na inaweza kusimamisha moyo. Hapo madafu, tuliyozoea kumpa kila mgonjwa wa kuhara, ni hatari, kwa kuwa yamejaa potasiamu. Ndizi na juisi ya machungwa vilevile. Hata ORS ina potasiamu, basi kiasi chake kipangwe na hospitali.

Dawa ya kuiondoa sumu haipo. Kinachofanyika ni kuubeba mwili mpaka figo ziamke: damu huongezwa hemoglobini ikishuka sana, platileti hazipewi ovyo isipokuwa kwa anayevuja damu au anayetaka kufanyiwa upasuaji, shinikizo la damu hudhibitiwa, na karibu nusu ya watoto huhitaji kusafishwa damu kwa siku kadhaa au wiki. Kwa mdogo sana njia ya tumbo mara nyingi ni rahisi kuliko mashine, na si kila kitengo kina mipira ya saizi ya mtoto, kwa hiyo hospitali ipigiwe simu kabla ya safari. Aliyeko Lamu ahesabu boti mpaka Mokowe na barabara ya zaidi ya kilomita 200 kufika Malindi. Safari ianze mtoto akiwa bado anakojoa. Akipata huduma nzuri, wengi hupona. Wanaokufa hawafiki 5 katika 100. Wengine hubaki na kovu kwenye figo lisiloonekana, ndiyo maana shinikizo la damu na protini kwenye mkojo hupimwa kila mwaka kwa angalau miaka 5, hata mtoto akiwa anacheza mpira kama wenzake.

Kwa anayekwenda dukani kuitafuta: washa themomita mbele ya muuzaji na uilinganishe na ya pili ya aina ile ile juu ya kaunta, zikipishana zaidi ya nyuzi 1, usichukue yoyote kati yao. Finya ncha ndani ya ngumi; namba ipande bila kurukaruka na kutulia kwenye thelathini na kitu. Fungua mfuniko wa betri uone kama vibati ni safi. Hakikisha inasoma Selsiasi, si Farenhaiti, au ujue kitufe cha kubadilisha kiko wapi, kwa kuwa 71 ya Farenhaiti ni nyama iliyotoka tu kwenye kivuli. Chukua betri mbili za akiba, na ala iwe na kitundu cha kuingizia kamba ili uivae shingoni wakati karai linachemka.